Siku Nilipomwita Baba Mlinzi

Wenzangu, nyinyi mnanijua kwa aibu ndogo ndogo, mimi ndiye yule aliyemwambia dereva wa bajaji "amina" badala ya "shusha hapo", mimi ndiye niliyempungia mkono mgeni pale stendi kwa dakika nzima nikidhani ni shangazi, na hizo nawaruhusu mnicheke mpaka mchoke. Ila ipo moja sijawahi kuwasimulia. Siyo kwamba nimeisahau, hapana, ni kwamba nyingine zote nikizisimulia nacheka na nyinyi, lakini hii nikifika katikati sauti inakatika, na mimi sipendi kulia mbele za watu (mnajua uso wangu ukilia unavyokuwa). Leo najaribu. Nikinyamaza kidogo mnivumilie.

Kazi yangu mnaijua, nachapa barua na kutoa kopi kwenye kile kiduka karibu na stendi hapa Babati, na kwa kuwa nakaa mbele ya kompyuta kutwa nzima, mtaani kwetu Nakwa wameshaniweka kwenye kundi la wataalamu. Mtu simu yake ikigoma analeta kwangu, mtu runinga yake ikikataa kushika chaneli utasikia "muiteni Paskalina", wakati mimi ninachojua ni kupanga barua ya kuomba kazi ikae vizuri na kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa, na hiyo karatasi yenyewe siku nyingine inanishinda. Lakini sifa ni tamu jamani. Ukiitwa fundi mara nyingi, unaanza kuitika.

Basi nikajiandikisha kozi ya chuo, ile ya kuandika programu za kompyuta, unasoma kwa mtandao ukiwa chumbani kwako, mwalimu yuko huko aliko na wenzako wako kila mkoa. Chuo chenyewe sikitaji, hakina kosa lolote katika haya. Walitaka watu waliomaliza kidato cha nne, na wasiojua chochote walikaribishwa, iliandikwa kabisa, "hata kama hujawahi kuandika programu karibu". Nataka mlikumbuke hilo. Hakuna aliyenilazimisha kujua.

Aliyefurahi kuliko mimi alikuwa baba. Baba yangu ni mkulima, alishuka kutoka milima ya Mbulu akiwa kijana akapata shamba njia ya Dareda, analima mahindi na maharage mpaka leo, mama alishafariki, na katika watoto wake wanne mimi peke yangu ndiye niliyefika kidato cha nne. Wiki ile alikuwa kwangu. Ana sukari, na alikuwa amejichoma na kijiti shambani chini ya mguu, kikawa kidonda kisichotaka kupona, hospitali ya mjini wakamwambia awe anakuja kusafishwa kila baada ya siku mbili, asikose. Kwa hiyo nikamwambia baba kaa kwangu, chumba ni kimoja lakini kuna pazia, wewe lala kitandani mimi nitalala kwenye mkeka.

Jioni akaniuliza, "Sasa huko chuoni mtafanya nini hasa?"

Nikamwambia, "Tutaandika kodi, baba."

Akashtuka. "Kodi? Ya serikali?"

Nikacheka, nikamweleza kwamba kodi ni yale maneno unayoiandikia kompyuta ili ifanye kazi unayoitaka. Akafikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo unaituma kama ng'ombe wa kulimia." Nikamwambia ndiyo, kama ng'ombe wa kulimia. Kesho yake nikamsikia akimweleza Mama Agape, mwenye nyumba wetu, kwamba binti yake anajifunza kutuma kompyuta, na akalisema kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi.

Sasa, kosa lenyewe. Siku mbili kabla ya darasa la kwanza tuliunganishwa kwenye kundi la wasap, watu sitini na kitu, mwalimu (kijana mmoja mpole, anaitwa Mwalimu Deo) akasema kila mtu ajitambulishe. Wakaanza. Huyu ni mhasibu Mwanza, huyu yuko benki Dar es Salaam, yule anasimamia mitambo ya simu Dodoma, na mimi nimekaa kwenye stuli ya duka nasubiri mteja anayetafuta kitambulisho chake nimtolee kopi, na zamu yangu inakaribia. Nikaandika: "Mambo zenu. Naitwa Paskalina, ni mtaalamu wa kompyuta katika kampuni moja hapa Babati, uzoefu miaka minne, programu nimeandika kidogo kidogo." Nikatuma. Ilinichukua muda mfupi kuliko kutoa kopi.

Ningeweza kuifuta, niliitazama kabisa kidole kikiwa juu yake. Lakini watu wakaanza kuweka vidole gumba na mioyo, mmoja akaandika "hatari dada", nikaiacha.

Ijumaa mwalimu akanitumia ujumbe, "Paskalina, kwa kuwa una uzoefu, kesho utatusaidia kuwaonyesha wenzako mstari wa kwanza, kitu kidogo tu, utashea skrini yako." Mtu mwenye akili angesema hapo hapo, mwalimu nisamehe, nilijikweza. Mimi nikajibu, "Bila shaka mwalimu, nitakuwa ofisini kwetu, mtandao ni mzuri." Mnaona? Hakuniuliza nitakuwa wapi. Uongo ule niliuongeza mwenyewe, bure, kama mtu anayemwongezea mteja kisado.

Jumamosi asubuhi nikaazima kompyuta ya dukani, nikaiweka kwenye meza yangu ya chakula, nyuma yangu pazia, nyuma ya pazia baba. Nilishahangaika tangu alfajiri kuweka ile programu ya kuandikia, kila nikibonyeza inaleta maandishi mekundu, nikafunga, nikafungua, nikaanza kutafuta kwenye mtandao. Saa nne kasoro nikamwambia baba, "Naomba ukae huko nyuma mpaka nimalize, nina darasa."

Akaniuliza, "Na mwalimu wako atakuwepo?"

"Atakuwepo, kwa kompyuta."

"Ananiona?"

"Hakuoni baba. Wewe pumzika."

Hapa inabidi niwaeleze kitu ili mwelewe. Nilipokuwa shule ya msingi baba alikuwa na desturi, kila nikianza darasa jipya anakuja shuleni kwa miguu kumsalimia mwalimu. Hasemi mengi, anasalimia, anasema huyu ni wangu, akikosea nijulisheni, anaacha maharage kidogo kwenye mfuko, anaondoka. Kwake mzazi asiyemsalimia mwalimu wa mwanawe amemtupa mtoto. Mimi nililijua hilo vizuri, na bado sikulifikiria.

Darasa likaanza. Kamera yangu nimeizima, kipaza sauti nimekizima. Mwalimu Deo akaongea vizuri, akatutoa hofu, akasema programu haimtaki mtu mwenye akili sana, inamtaka mtu asiyeona haya kuuliza (ningekuwa na masikio ningesikia), kisha akasema, "Sasa mwenzetu Paskalina, mtaalamu wetu kutoka Babati, atuonyeshe."

Nikabonyeza kushea skrini, na kilichotokea mbele ya watu sitini na kitu siyo ile programu, ni ukurasa nilioacha wazi, na juu kabisa maandishi yangu mwenyewe niliyokuwa natafuta: "jinsi ya kuandika kodi kwa mtu asiyejua kabisa kabisa". Kabisa mbili. Nikasikia mtu mmoja anacheka puani, halafu wa pili, halafu wengi. Nikatafuta kitufe cha kuzima ile skrini, nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, skrini ikatoka kweli lakini kamera ikawaka na kipaza sauti kikawaka, nikajiona mwenyewe uso mzima na jasho.

Ndipo sauti ya dada mmoja ikapiga kelele, "Dada Paskalina! Nyuma yako! Kuna mtu nyuma yako!"

Nikatazama kwenye kioo cha kompyuta kabla sijageuka. Baba alikuwa amesimama mbele ya pazia. Alisikia mwalimu ananitaja jina, akaona ndiyo saa ya kusalimia. Alikuwa amevaa lile koti lake refu la baridi ya milimani, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, fimbo mkononi kwa ajili ya mguu, na alikuwa amefunga vifungo vyote vya koti mpaka shingoni, kwa heshima.

Mwalimu akauliza, "Paskalina, uko salama? Huyo mzee ni nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Ni neno la kwanza mtoto anajifunza. Lakini nilishasema niko ofisini, na kichwani nikaona nikisema baba wataniuliza baba anafanya nini ofisini na kitanda kile kinachoonekana kwenye upenyo wa pazia ni cha nani, na wale wa benki, na wale wa mitambo, na kicheko kile. Nikasema, "Aah, huyo ni mlinzi wetu wa ofisi. Amekuja kuchukua funguo."

Nililisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, haikutetemeka.

Mwalimu, kijana mwenye adabu, akasema, "Shikamoo mzee."

 Baba alinitazama mimi, siyo kompyuta, akanitazama kama mtu anayesoma kitu kwa taabu na anataka kuhakikisha amekisoma sawasawa. Kisha akavua kofia.

"Marahaba mwalimu. Marahaba. Ndiyo, mimi ni mlinzi hapa."

"Pole na kazi mzee wetu."

"Ahsante. Mnisamehe kwa kuwaingilia. Nilifuata funguo."

Na akaja mpaka mezani, akachukua funguo ya kufuli la mlango iliyokuwa karibu na mkono wangu, akainama kidogo kwa kompyuta, akatoka nje, akafunga mlango taratibu usipige kelele.

Mtanisema, kwa nini hukumfuata? Nasemwa na mimi mwenyewe kila siku. Nilibaki. Darasa liliendelea saa nzima na nusu na mimi nilibaki, naandika kwenye daftari vitu ambavyo sikumbuki hata kimoja, na mguu wa baba wenye kidonda uko nje kwenye jua. Na kundi la wasap tayari limechangamka, kuna mtu alishapiga picha skrini yake, akatengeneza kile kipicha cha kutumiana, baba na koti lake na fimbo yake, chini kimeandikwa "MLINZI WA KODI". Watu wakafa kwa kucheka. Na mimi, ili nisionekane nimekasirika, niliweka "hahahaha". Niliihesabu baadaye hiyo hahaha, nilivyokuwa nairudia kuisoma. Ha nne.

Saa sita hivi nikafungua mlango. Baba alikuwa amekaa kwenye stuli aliyopewa na Mama Agape, mguu ameunyoosha, anamsaidia kupukuchua maharage. Aliponiona aliacha, akajipangusa mikono.

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza baba."

"Naweza kuingia sasa?"

Nilimshika mkono tukaingia. Nikapika ugali na mlenda na samaki wa ziwani, vitu anavyovipenda, akala matonge matatu. Nikaanza kusema, baba, kile nilichosema pale, akanikatiza (na yeye hamkatizi mtu), akasema, "Mimi ndiye nimekosea. Uliniambia nikae. Nimekuja na koti bovu mbele ya mwalimu wako, nimekuharibia." Ningependa angenipiga na ile fimbo. Nikasema hapana baba, akasema yaishe, akageukia ukutani akalala, au akajifanya amelala.

Jumapili tulikwenda misa pamoja. Tuliporudi nikaona simu inalia lia, kundi la kozi linatembea. Katika watu sitini na kitu kumbe kuna binti wa hapa hapa, wa Singe, anaitwa Happy, ambaye mama yake huuza nafaka sokoni na hununua maharage kwa baba kila msimu. Yeye hakuwepo darasani siku ile, aliona picha tu. Akaandika: "Jamani hiyo picha ifuteni. Huyo siyo mlinzi. Ni mzee wetu, ni baba mzazi wa Paskalina. Namfahamu tangu mdogo."

Kundi likanyamaza. Mnajua kimya cha wasap kilivyo, unaona majina yanaandika, yanaacha, yanaandika, yanaacha. Mwisho mmoja akaandika, "Kwa hiyo dada amemkana baba yake?" Hakuna aliyeweka kicheko hapo. Nikatoka kwenye kundi, nikaficha simu chini ya mto kama ndiyo imekosa.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya kusafishwa kidonda. Nikamwacha na uji na maelezo, nikakimbilia dukani nifungue ili nirudi saa nne nimpeleke na bajaji. Niliporudi chumba kimefagiliwa, shuka limekunjwa, funguo ziko kwa Mama Agape. Akaniambia, "Baba yako amepanda gari la Dareda. Anasema ana kazi shambani. Anasema usome vizuri."

Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikajiambia atarudi kesho kutwa. Nikajiambia huko nako kuna zahanati. Na ukweli, wenzangu, ni kwamba niliona haya kumfuata, nikaiacha ile haya inishauri kwa siku kumi na moja, mpaka kaka yangu Emanueli aliponipigia kunieleza kwamba mguu umevimba mpaka kwenye goti na mzee alikuwa anauficha, anaufunga kitambaa na kwenda shambani, na kwamba sasa wako hospitali.

Walimkata vidole viwili.

Nilifika akiwa ameshatoka kwenye chumba cha upasuaji. Daktari alisema angesafishwa kama alivyoambiwa pengine visingekatwa, alisema pengine, lakini mimi sikusikia hilo pengine. Nilikaa pembeni ya kitanda nikamwambia yote, tangu ule ujumbe wa kujitambulisha, kampuni ambayo haipo, ofisi ambayo haipo, nikalia na huo uso wangu mbaya mbele ya wodi nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe hukuona haya kwa ajili ya koti."

"Hapana baba."

"Mimi nilidhani ni koti." Akatazama dirishani. "Basi afadhali ingekuwa koti, Paskalina. Koti ningenunua lingine."

Hapo tuliishia, na hatukuongea tena habari hiyo, wala sijui kama nimesamehewa. Anaongea na mimi vizuri, anacheka, ananiuliza habari za kazi. Lakini kuna kitu kidogo hakipo, ni kama chumvi, huwezi kukionyesha kwa kidole, unajua tu unapokula.

Mwalimu Deo alinitafuta, nikamwambia ukweli, akanirudisha darasani, na Jumamosi moja nikawasha kamera kwa makusudi nikawaambia wenzangu kwamba mimi nachapa barua stendi, sijui kuandika hata mstari mmoja, na yule mzee ni baba yangu mzazi. Aliyetengeneza ile picha akaomba radhi, na Happy akanitumia ujumbe mfupi, "poa dada." Nikaanza upya, mwisho kabisa wa darasa. Mstari wangu wa kwanza uliokubali ulikuwa wa kuandika jina tu kwenye skrini, niliutazama muda mrefu, sikuwa na wa kumwonyesha.

Siku hizi baba huja mjini kusafishwa mguu, na huwa analala kwangu. Nimeapa, na kiapo hicho nakishika, kwamba nikiulizwa kitu nisichokijua nitasema sijui hata kama aliyeniuliza ni waziri, na nikiulizwa mimi ni nani nitaanza na mtoto wa nani. Watu wananiona mshamba, sawa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa darasani, baba amekaa kitandani, pazia nimelitoa kabisa tangu mwaka jana. Mwalimu akauliza, "Paskalina, mzee yupo leo? Tungependa kumsalimia." Nikageuka. Baba alikuwa amesikia. Akatikisa kichwa, taratibu, akaweka kidole mdomoni, akaanza kutafuta viatu vyake atoke nje.

Nikamwambia mwalimu, "Yupo. Hataki kuja, na kosa ni langu."

 Mwalimu akakohoa, akasema basi tuendelee na somo, na mimi nikainuka mbele ya wote, nikaiacha kompyuta inaongea peke yake, nikaenda kukaa nje na baba.